Bango Lililokosa Onyo: Kosa Halikuwa la Mtu wa Mashine



Safari hii tunaandika juu ya karatasi: bango, kadi ya uanachama, tangazo la mkutano. Karatasi hizo hununuliwa kwa ada zenu. Zikiharibika, jasho la mvuna chumvi, la mchuma pamba na la mtu wa saruji limemwagika bure. Kwa hiyo lililotupata sisi wa Kabatoro tunalieleza hapa wazi, ili ndugu zetu wa Kasese, Hima na Bwera wasianguke katika shimo lile lile.

Tulitaka bango la usalama kwa wenzetu wanaovuna chumvi katika Ziwa Katwe. Mtu hushinda ndani ya maji ya chumvi kali, na mwenye kidonda huteseka. Tukakubaliana bango liwe la rangi mbili tu, nyeusi na buluu ya chama, kwa sababu rangi mbili ni pleti mbili, na gharama yake ni nafuu. Juu, katika uwanja wa buluu, iwekwe nembo ya chama yenye kivuli chepesi. Chini, ndani ya mkanda wa buluu, ziandikwe herufi nyeupe: USIINGIE ZIWANI NA KIDONDA. Kijana wetu mmoja aliyesoma kompyuta akalichora. Tukalitazama katika kioo cha kompyuta, likatupendeza, tukamwambia, "Peleka."

Mabango 500 yaliporudi tuliduwaa. Kuizunguka nembo palikuwa na sanduku lililopauka, kama kiraka kwenye shati. Na ule mkanda wa chini ulikuwa buluu tupu. Onyo halikuwapo, hata herufi moja. Bango la usalama lisilo na onyo!

Tukaenda kwenye kiwanda cha chapa na hasira zetu. Mwenye kiwanda akasema kosa ni la mtu wa mashine, na kwamba atamkata mshahara kufidia karatasi na wino. Hapa, ndugu, hatuna budi kusema ukweli hata kama unatuaibisha: baadhi yetu tuliitikia kwa kichwa. Tuliona fedha zetu, hatukumwona mfanyakazi mwenzetu.

Mtu wa mashine hakugombana. Aliichukua pleti ya buluu, akatuwekea mbele ya macho. "Wazee wangu," akasema, "nionyesheni mahali pa herufi." Tukatafuta. Hapakuwapo. Mkono wa mfanyakazi hauwezi kuchapa neno ambalo halikuwekwa kwenye pleti.

KOSA LILIVYOINGIA

Tulikaa naye saa ya chai, akatufundisha kwa subira.

Mashine ya chapa hujua mambo mawili tu: mahali penye wino na mahali pasipo na wino. Kila wino una pleti yake. Picha za rangi nyingi hutengenezwa kwa aina nne za wino, yaani sayani, majenta, njano na nyeusi, kwa vidoto vidogo vinavyolidanganya jicho. Lakini ipo rangi nyingine, inayochanganywa tayari kabla ya kutiwa mashinani. Hiyo huitwa rangi ya spoti. Nembo nyingi huitumia ili buluu ya mwaka huu na ya mwaka ujao iwe ile ile. Kampuni ya Pantone ya Marekani ilitoa mfumo wake wa kuzipa rangi hizo namba mwaka 1963, na namba hizo zinatumika hata leo.

Jambo la pili ni uwazi. Katika kompyuta mchoraji anaweza kukifanya kivuli kiwe chepesi, hata kilicho chini yake kionekane. Pleti haina uwazi wa namna hiyo. PostScript, lugha iliyotoka mwaka 1984 ya kuzungumza na mashine za kuchapa, haikuwa na uwazi huo. Na faili za PDF ziliupata mwaka 2001. Basi faili ikipitishwa kwa njia ya zamani, kompyuta hukichukua kivuli pamoja na kilicho chini yake, ikavilaza kuwa kipande kimoja. Na kama chini pana rangi ya spoti, kipande hicho huweza kugeuzwa kuwa zile aina nne za wino, huku buluu ya pembeni ikibaki spoti. Katika kioo zote ni buluu moja. Mashinani ni wino mbalimbali. Sisi tulilipia pleti mbili tu, na sehemu iliyogeuzwa ilikwenda kwenye pleti ambazo hazikutengenezwa. Ndiyo maana ya lile sanduku lililopauka.

Jambo la tatu ni herufi nyeupe. Weupe ule si wino, ni karatasi iliyoachwa. Pleti ya buluu lazima iache nafasi yenye umbo la herufi. Kumbe kijana wetu aliziandika kwanza kwa rangi nyeusi, zikiwa na agizo la kuchapwa juu ya buluu bila kuacha nafasi. Agizo hilo ni jema kwa rangi nyeusi. Alipozigeuza kuwa nyeupe, agizo likabaki. Mashine ikaambiwa isiache nafasi, halafu ichape kitu kisichokuwapo. Onyo likamezwa na buluu.

Wala tusimcheke kijana. Mwaka 2022 wachoraji wengi duniani walifungua faili zao katika programu za Adobe wakakuta rangi za Pantone zimekuwa nyeusi, kwa sababu ya mabadiliko ya leseni. Na wazee wa Katwe wanakumbuka kiwanda cha chumvi cha miaka ya 1980, ambacho mabomba yake yaliliwa na maji ya ziwa hadi kikasimama. Kosa lilikuwa katika mpango, halikuwa katika mkono wa kibarua.

TULILOFANYA

Tulirudi kwa mwenye kiwanda, safari hii tukiwa upande wa mfanyakazi wake. Tulimkumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataja makato yanayoruhusiwa, wala haimwachii mwajiri akate mshahara apendavyo. Tulikiri kwamba faili ilikuwa yetu na neno "Peleka" lilikuwa letu. Naye akakiri kwamba hakutupa sampuli tuikague. Tukaelewana: yeye alitoa karatasi, sisi tukalipia pleti mpya. Mshahara wa mtu wa mashine haukuguswa. Lakini wiki kadhaa zilipita ufuko wa ziwa ukiwa hauna onyo, na hasara hiyo hakuna aliyeilipa.

Mabango mabovu hatukuyatupa. Mgongoni mwake tunaandika kumbukumbu za mikutano.

Sasa, kila tawi linalotaka kuchapisha lishike haya:

1. Mwambieni mchoraji afungue faili pleti moja moja kabla ya kuipeleka. Mkilipia pleti mbili, zionekane mbili tu.

2. Rangi ya chama iwe na jina moja ndani ya faili. Buluu ile ile ikipewa majina mawili, itadai pleti mbili.

3. Kila herufi nyeupe ikaguliwe kama imeachiwa nafasi yake katika rangi ya chini.

4. Kiulizeni kiwanda kinataka faili ya namna gani. PDF/X-1a ya mwaka 2001 hairuhusu uwazi. PDF/X-4 ya mwaka 2008 inauruhusu.

5. Msikubali kwa kutazama kioo. Dai sampuli ya karatasi kutoka kiwandani, isomwe na watu wawili neno kwa neno, itiwe sahihi, ndipo kazi ianze.

Na la mwisho ni kubwa kuliko yote. Kazi ikiharibika, tuulize kwanza imeharibikia wapi, ndipo tuulize nani alipe. Mara nyingi mtu anayesimama mwisho wa kazi ndiye anayeonekana, na mwenye kuonekana ndiye anayekatwa. Sisi tunaolalamika kwamba waajiri wanatutupia makosa yasiyo yetu tusimfanyie hivyo mfanyakazi mwenzetu, hata kama hayumo katika chama chetu.

Mtu yule wa mashine sasa ndiye tunayempelekea sampuli zetu zote azikague. Umoja ni nguvu.