Kibuyu Mbele ya Umati

Mpiga kinubi akipanda jukwaani huogopa vidole kutetemeka. Sisi wachezaji wa ngoma ya mganda huku Mbamba Bay tunaogopa koo kukauka. Kibuyu chetu hakipulizwi kama tarumbeta. Unakiimbia, na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu ndio unaoikwaruza sauti hadi ivume. Utando ukilowa mate au ukipasuka, kwisha habari: unabaki unaguna tu, na watu wanakutazama. Mimi hubandika mpya asubuhi ya ngoma, hata kama wa zamani bado mzima.

Halafu kuna miguu. Mganda ulizaliwa enzi za wakoloni kwa kuiga gwaride la askari, ndiyo maana tunavaa nguo nyeupe na soksi ndefu. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wenzetu wanauita malipenga. Mstari ukipinda, akina mama pembeni wanacheka papo hapo, na hawasahau! Vijana kwa aibu huinamisha vichwa, sauti ikaishia mchangani.

Kijana, inua kichwa, mtazame kiongozi wako, na uvute pumzi kabla ngoma kubwa haijalia.