Je, Wajua? Makala ya Nani, Takwimu za Nani

Je, wajua kwamba theluji ya Mlima Kenya ilikataliwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki? Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona mlima huo akiwa Kitui, akaandika kwamba kilele chake ni cheupe. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwamba theluji kwenye ikweta ni ndoto za wamisionari, na mwaka 1852 akatoa kitabu kilichoendeleza ubishi huo. Katika taaluma kuna wizi wa maneno na wa mawazo, lakini Cooley hakumwibia mtu neno. Kosa lake lilikuwa kujiamini kupita kiasi, maradhi ambayo wahakiki wa majarida hawajapona hadi leo. Krapf naye ana jambo la kusifiwa: alipoandika, alimtaja kwa jina Kivoi, kiongozi wa Wakamba aliyempokea na kumpa habari za mlima. Wapo watafiti wa leo wasiofika hapo.

Krapf alifariki mwaka 1881. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kitabu chake cha 1860 unaweza kukichapisha upya bila kubisha hodi kwa yeyote. Lakini ukinyofoa aya zake na kuzitia katika tasnifu yako bila kumtaja, umeiba. Mahakama haitakuwa na kesi nawe. Chuo kitakuwa nayo.

Je, wajua kwamba programu ya Turnitin haijui wizi ni nini? Inalinganisha maneno tu. Orodha ya marejeleo, nukuu zilizofungwa vizuri kwa alama, hata sentensi zile zile za kueleza mbinu za utafiti, zote zinaweza kuipandisha asilimia ya mfanano inayoitoa. Na aliyeiba wazo zima la mwenzake akalivika maneno mapya anaweza kutoka na asilimia ndogo ya kupendeza. Wanafunzi huulizana saibani "umepata ngapi?" kana kwamba ni alama za mtihani wa KCSE.

Werevu wakatafuta njia ya mkato: kupitisha maandishi ya wizi kwenye programu za kubadilisha maneno. Mwaka 2021, Guillaume Cabanac wa Toulouse na wenzake walifichua makala nyingi zilizochapishwa zikiwa na istilahi za ajabu, mathalani "saratani ya matiti" ya Kiingereza ikiwa imegeuzwa kitu kama "hatari ya kifuani". Mhariri aliyepitisha hilo alikuwa akisoma nini?

Pengine hakuwa akisoma chochote. Mwaka 2013 mwanahabari John Bohannon wa jarida la Science alitunga utafiti wa dawa ya saratani wenye makosa ambayo mtu yeyote mwenye kemia kidogo kupita ya sekondari angeyaona. Akautungia na waandishi wa uongo, mmoja wao mwanabiolojia aitwaye Ocorrafoo Cobange, wa taasisi isiyokuwepo mjini Asmara. Akatuma matoleo 304 kwa majarida yanayotoza ada. Mia moja hamsini na saba yakakubali. Simu moja tu Eritrea ingetosha kuufichua uongo huo.

Kwa nini mtu wa Kwa Vonza au Wote alipaswa kulijali hilo? Kwa sababu mwaka uliofuata, 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyomtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mbili katika majarida yenye uhakiki, na wa uzamili moja. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao Kwa Vonza na kampasi Wote, kilikuwa kimepata hati yake mwaka mmoja tu kabla. Nia ya viwango ilikuwa njema. Ila ukimwambia mtu asiye na fedha wala muda kwamba hahitimu bila jarida, matapeli watamletea jarida mpaka kwenye barua pepe, na ahadi ya kuchapisha ndani ya wiki moja.

Na ISSN je? Si cheti cha ubora. Ni namba ya kulitambulisha jarida, basi. Hata jarida tapeli linaweza kuwa nayo.

Je, wajua kwamba Wakenya wanaandika tasnifu za watu wa ng'ambo? Gazeti la New York Times liliiandika biashara hiyo mwaka 2019, na filamu ya The Shadow Scholars (2024) inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akizungumza na waandishi wenyewe. Uingereza ilipotunga sheria mwaka 2022, ilimlenga anayeuza na anayetangaza huduma hiyo. Mwanafunzi anayenunua, na ambaye jina lake litakaa kwenye shahada, sheria hiyo haikumgusa. Sisemi kijana wa Nairobi ni malaika. Nasema mzigo umewekwa kwenye bega moja.

Sasa twende kwa wizi ulio mbaya kuliko huu wote, ambao hakuna programu ya kulinganisha maneno itakayounasa: kubuni takwimu.

Tazama kwanza kazi ya takwimu za kweli. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya na maeneo jirani, 125 kati yao wakafa. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Watafiti walizunguka masoko 65 wakakusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Asilimia 55 zilipita kikomo cha wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilipita sehemu 1,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Hayo hayakuwa maajabu mapya: mwaka 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa, na ripoti yao ikatoka katika The Lancet mwaka 1982. Aliyetaka kuelewa maafa ya 2004 alikuwa na pa kuanzia, kwa sababu mtu alihesabu wagonjwa kwa uaminifu miaka 23 nyuma. Mwizi wa aya humdhulumu mwandishi mmoja. Anayeketi chini ya mwembe akajaza madodoso mwenyewe ili arudi Nairobi mapema, huyo anacheza na sufuria za watu wa Kibwezi.

Na msaidizi aliyetembea kijiji hadi kijiji akitafsiri maswali kwa Kikamba, jina lake linakaa wapi? Kwa kanuni za wahariri wa majarida ya tiba, kukusanya data pekee hakumfanyi mtu kuwa mwandishi: lazima pia ashiriki kuandika au kurekebisha, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika. Nakubaliana nazo, mradi zitumike pia kwa mkuu wa idara ambaye mchango wake ulikuwa kuwa mkuu wa idara. Akili unde nayo imekataliwa uandishi tangu 2023, kwa sababu haiwezi kuwajibika.

Je, wajua kwamba makala ya Andrew Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo na usonji kwa kutumia watoto 12 tu, ilifutwa na The Lancet mwaka 2010? Ilichukua miaka 12 kuifuta. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 pekee makala zaidi ya 10,000 zilifutwa duniani, nyingi zikitoka kwa mchapishaji mmoja, Hindawi.

Anayefanya utafiti Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu iliyoundwa chini ya sheria ya 2013, na kabla ya kuanza huagizwa kuwaarifu viongozi wa kaunti, akiwemo kamishna na mkurugenzi wa elimu. Kwa hiyo mgeni akija na dodoso Zombe au Kathonzweni, mpe kiti, mpe maji, kisha muulize leseni iko wapi na matokeo atayaleta lini.