Stenti Baada ya Upasuaji wa Mawe ya Figo: Saizi Huchaguliwaje?

Wagonjwa wengi wanaotolewa mawe kwenye figo hurudi nyumbani wakiwa na stenti ndani ya mwili. Baadhi yao hawajui ina urefu gani, ina unene gani, wala itatolewa lini. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa mambo hayo yote kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na hilo la tarehe ya kutolewa ndilo zito kuliko yote.

Stenti ni mrija laini wa plastiki. Huwekwa ndani ya mrija wa mwili unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Jiwe likishavunjwa au kutolewa, mrija huo huvimba, na vipande vidogo vilivyosalia vinaweza kuuziba. Stenti huuacha wazi hadi uvimbe upungue. Ncha zake mbili hujikunja kama mkia wa kinyonga, moja ndani ya figo na nyingine kibofuni, ili isiteleze. Muundo huu ulielezwa na daktari wa Marekani, Roy Finney, mwaka 1978. Si kila mgonjwa huwekewa stenti; upasuaji ukienda vizuri bila jeraha wala uvimbe mkubwa, daktari anaweza kuamua haihitajiki.

Urefu ndio wenye kazi zaidi. Kwa watu wazima stenti nyingi huwa kati ya sentimita 22 na 30, na zinazotumika sana ni za 24 na 26. Daktari huanza kwa kuangalia kimo chako, lakini kimo peke yake hudanganya: watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuwa na mirija ya urefu tofauti. Hata mwilini mwako, figo ya kulia hukaa chini kidogo kuliko ya kushoto, kwa hiyo mrija wa kulia kwa kawaida ni mfupi zaidi. Ndiyo maana madaktari wengi hupima kwa picha ya CT, au hupitisha mrija wenye alama za sentimita wakati wa upasuaji.

Stenti ikiwa fupi mno, ncha ya chini inaweza kupanda juu na kupotelea ndani ya mrija, na kuitoa kukawa kazi ngumu. Ikiwa ndefu mno, ncha hiyo hulala kibofuni na kukwaruza sehemu yake nyeti, na mgonjwa hukimbilia choo kila mara.

Kwa mtoto, hesabu ya haraka ni kuchukua umri wake kwa miaka na kujumlisha 10. Mtoto wa miaka 6 hukadiriwa stenti ya sentimita 16.

Unene huandikwa kwa herufi Fr, na Fr 3 ni sawa na milimita 1. Stenti ya Fr 6, inayotumika sana kwa watu wazima, ina unene wa milimita 2. Mrija wako ukiwa mwembamba, daktari huchagua stenti nyembamba kuliko kuulazimisha. Nene zaidi si lazima iwe bora, kwa sababu mkojo hupita ndani ya stenti na pia kandokando yake.

Je, ukisikia maumivu, saizi imekosewa? Mara nyingi sivyo. Hata stenti iliyopimwa vyema huweza kuleta haja ya mkojo ya mara kwa mara, damu kidogo kwenye mkojo, na maumivu ya ubavuni unapokojoa. Kunywa maji ya kutosha, na umuulize daktari kuhusu dawa kama tamsulosini ambazo hupunguza usumbufu huo. Lakini homa na kutetemeka, mabonge ya damu, au kushindwa kukojoa ni dharura. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Hatari kubwa huja dalili zinapotulia na mgonjwa akasahau. Baada ya upasuaji wa kawaida, stenti hukaa siku chache hadi wiki chache. Ikiachwa kwa miezi mingi, chumvi za mkojo huganda juu yake na kutengeneza mawe mapya. Kuitoa hapo huhitaji upasuaji mwingine, na wako waliopoteza figo kwa njia hiyo. Ikitolewa kwa wakati, kazi ni ya dakika chache: mtu mzima hupakwa jeli ya ganzi, kifaa chembamba chenye kamera hupitishwa kwenye njia ya mkojo, na huenda nyumbani siku hiyo. Stenti nyingine huwa na uzi unaoning'inia nje; usiuvute mwenyewe bila maelekezo ya daktari.

Kabla ya kuondoka wodini, omba upande, urefu, unene, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa viandikwe kwenye kadi yako. Kama ulipasuliwa mbali, tuseme Nairobi au Eldoret, na nauli ya kurudi haipatikani, usiache tarehe ipite. Peleka kadi hiyo hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe mapema, ili wakuambie kama wanaweza kuitoa pale au wakutumie kwingine.