Marshe ya ujenzi ku intaneti: ordinatere haipimi simenti

Hapa Goma, ukitaka marshe ya kujenga shule ao barabara ya serikali, unabeba dosie mukononi. Rafiki yangu wa Katoyi, mwenye kampuni kidogo ya ujenzi, alifikisha yake ku biro moja mbele ya saa ya mwisho. Wakamwambia: kitabu cha kupokea kimekwisha kufungwa. Karatasi ya kuhakikisha saa alifika, hana. Watu kumi na wawili aliotaka kupatia kazi wakabaki wakikaa.

Sheria iko. Ile namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inasema marshe ya serikali ipite kwa mashindano. Gre-a-gre, yaani kupatana na mutu mumoja tu, ni kwa nafasi chache na kwa ruhusa. Lakini mwaka 2024 inchi yote ilisikia kelele juu ya bei ya visima na mataa ya barabarani.

Majirani wametutangulia. Rwanda, hapo tu nyuma ya Petite Barrière, ilieneza mfumo wake wa Umucyo mwaka 2017. Tanzania ilianza na TANePS, kisha mwaka 2023 ikaleta NeST. Tangazo, dosie, saa ilipofika, mwenye kushinda: yote inabaki imeandikwa. Hakuna wa kukufungia kitabu.

Sisi wa sendika ya madini tunaitaka, lakini tulikwisha kujifunza kitu. Ku machimbo, mifuko ya koltani inawekewa etiketi ili ijulikane ilitoka wapi. Hata hivyo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kama magendo inapita na etiketi juu yake. Mashini inaandika kile mutu anaipatia. Ukiiambia ukuta ulikula mifuko 100 ya simenti, itaandika 100, hata kama walitia 40.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, raia yeyote asome mukataba ku telefone yake, pamoja na bei ya kila kitu. Hapo muponda-mawe ataona siku yake ya kazi ilihesabiwa bei gani, na atauliza kwa nini bosi anamupatia nusu. Pili, kampuni kidogo zipate mahali penye umeme, intaneti na mutu wa kuzisaidia. Bila hivyo, umeme ukikatika Ndosho saa ya mwisho, ni wale wakubwa peke yao watashinda. Tatu, wajumbe wa kartie waingie ku shantie na ile liste mukononi, wahesabu simenti na vyuma mbele ya serikali kulipa.

Rafiki yangu angali anatafuta kazi. Siku mfumo utafika hapa, saa ya dosie yake itabaki imeandikwa. Lakini ukuta wenyewe, lazima sisi wa kartie tuende tukauangalie.