Uso Mwepesi wa Ala Nzito: Mfano wa Mukurweini

Suala la kurahisisha uso wa ala za muziki zenye mitambo mingi, yaani ile sehemu ambayo vidole na macho ya mpigaji hukutana nayo, na ambayo wanaistilahi wa siku hizi huiita kiolesura, aghalabu huachiwa mafundi. Walakini ni suala la lugha pia, kwani kila kibonyezo ni mfano wa neno, na mpangilio wa vibonyezo ni mfano wa sarufi. Huko Mukurweini, katika Nyeri (jina litokanalo na mti wa mũkũrwe pamoja na kiambishi -inĩ, ndugu wa -ni ya mahali katika Kiswahili), suala hili lilitangulia vinanda vya umeme.

Mwomboko, ngoma ya wawili wawili iliyoenea katika nchi ya Wagikuyu miaka ya 1940, hupigiwa kodiani na karing'aring'a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa kipande cha chuma. Karing'aring'a haina siri. Kodiani inazo, na waliyoiunda walizificha kwa busara. Katika kodiani kubwa yenye vibonyezo 120 vya mkono wa kushoto, kibonyezo kimoja hutoa noti tatu kwa pamoja, zilizokwisha kulinganishwa. Mpigaji hapati uhuru wa kuzitenganisha noti hizo. Hiyo ndiyo gharama yake. Lakini vibonyezo vyenyewe vimepangwa kwa umbali wa noti ya tano, hivi kwamba sauti zinazofuatana mara kwa mara katika wimbo ni majirani. Kidole kinachosogea hatua moja kimejifunza kanuni ya muziki pasipo mwalimu kuitaja. Huo ni wepesi wenye sarufi ndani yake.

Uko wepesi wa namna nyingine, nao wasomi wa Kiswahili wanaujua vyema. Masetla wa nyanda za juu za Kenya walijitengenezea Kiswahili chao, kilichoitwa Kisettla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa hata kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili yao. Upatanisho wa ngeli uliachwa, vitenzi vikabaki zaidi katika hali ya kuamuru. Kwa kuagiza maji ya moto kilitosha kabisa. Kwa mazungumzo hakikufaa, na aliyekizoea hakuwa amepanda ngazi ya kwanza ya Kiswahili sanifu. Alikuwa amesimama kwenye jengo jingine.

Vinanda vya umeme vya miaka ya 1980 vilivyokuwa na usindikizaji wa kidole kimoja vilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Bonyeza ufunguo mmoja, na mashine inapiga besi, ngoma na noti zote. Midundo ilipewa majina ya walzi, rumba na bosanova. Mwomboko haukupata kibonyezo. Mpigaji aliamuru, mashine ikatii kwa lugha yake yenyewe, na kidole hakikujifunza kitu cha kukipeleka mbele.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uchache wa vibonyezo ndio wepesi. Minimoog ya mwaka 1970 ilijaa vitufe vya kuzungusha, karibu kila kimoja na kazi yake. Mgeni aliiogopa, lakini mkono uliozungusha ulisikia mara moja ulichobadili. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilikuwa na uso mtulivu: vibonyezo bapa, kioo kidogo cha maandishi, na kitelezi kimoja cha kubadilishia thamani. Nyuma ya utulivu huo kulikuwa na vizalisha-sauti sita na namna 32 za kuviunganisha, vyote vikipitiwa kimoja kimoja kwenye kitundu hicho. Wapigaji wengi walirudi kwenye sauti zilizowekwa na kiwanda, hasa ile ya 11, piano ya umeme, ambayo ilisikika katika nyimbo nyingi za muongo ule hadi ikachosha.

Kwa hiyo uso mwepesi unastahili kuwapo, ila uwe sehemu ya sarufi ya ala yenyewe, kama ulivyo upande wa kushoto wa kodiani, wala si Kisettla cha ala. Jambo hili si dogo kwa wapigaji wa mugithi ambao, tangu miaka ya 1990, hukaa peke yao na gitaa katika kumbi za miji ya Mlima Kenya, ngoma zao zikitoka kwenye mashine. Wakishindwa kuingia ndani ya mashine, mdundo wa kiwanda ndio utakaoamua jinsi wachezaji watakavyopiga hatua.

Linabaki swali la majina. Maandishi ya ala hizi aghalabu ni ya Kiingereza, na mpigaji asiyeyasoma hukariri mahali pa kitufe, si maana yake. Kiswahili kinaweza kusaidia, lakini si kwa pupa. Kwa upesi wa mdundo, wanaistilahi wengi wangependekeza kasi. Mpigaji wa mwomboko huenda akapendelea mwendo, kwa kuwa anachokipima ni miguu.