Risasi Huzunguka kama Pia
Mwaka 1909 Bwana Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliwinda karibu na Mto Nzoia, ule upitao nchi za Kitale na Bungoma. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya namna ya 1895, ya risasi za .405, ambayo hukokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini yake. Ndani ya mtutu mmechongwa mifereji iliyojipinda, nayo huizungusha risasi. Pia isipozunguka huanguka. Risasi nayo hupinduka hewani, na mnyama hujeruhiwa tu, kisha humgeukia mwindaji. Risasi ndefu yataka kuzungushwa upesi zaidi. Mifereji ya bunduki ile humaliza mzunguko mmoja kwa inchi 14. Ile ya namna ya 1873, yenye risasi fupi za.44, kwa inchi 36.