Taa ya betri ikiwaka kwenye gari la mseto, pima kabla ya kununua nyingine

WENYE magari ya mseto, yale yanayotumia petroli pamoja na umeme, huingiwa na hofu taa nyekundu ya onyo inapowaka kwenye dashibodi. Wengi huambiwa papo hapo kwamba betri kubwa imekufa na ni lazima inunuliwe nyingine.

Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, taa pekee haithibitishi hilo, na kosa la aina hiyo ni hasara kubwa kwa mkulima au mfanyabiashara wa Kabazi, katika eneobunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru, anayetegemea gari moja kufikia masoko ya Nakuru na Nyahururu.

Magari mengi ya aina hii nchini huletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kanuni za Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hivyo, mnunuzi anaweza kukabidhiwa betri iliyokwisha kula sehemu kubwa ya umri wake.

Betri hiyo si kitu kimoja. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2003, na ile ya kizazi cha tatu ya mwaka wa 2009, zina moduli 28 zilizoungwa kwa mfuatano. Kila moduli ina seli sita za volti 1.2, na jumla yake ni volti 201.6. Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20, yaani volti 144.

Kwa kuwa moduli zimeungwa kama shanga katika uzi mmoja, seli moja ikidhoofika huiyumbisha betri nzima. Ndiyo sababu gari linaweza kukataa kazi ilhali moduli nyingi zingali nzima.

Dalili za mapema

Dalili ya kwanza huonekana kwenye kipimo cha chaji. Katika betri nzima kipimo hupanda na kushuka polepole. Katika betri dhaifu hujaa ghafla na kuisha ghafla, bila mwendo wa gari kubadilika sana.

Dalili nyingine ni injini kukataa kuzima gari linaposimama, mafuta kuisha haraka kuliko kawaida, na feni iliyo karibu na kiti cha nyuma kuvuma kwa nguvu mara kwa mara. Feni hiyo ndiyo inayopoza betri.

Kabla ya kuilaumu betri kubwa, fundi anapaswa kuondoa visababu vidogo. Cha kwanza ni betri ndogo ya volti 12. Ikiwa imechoka, huweza kuwasha taa nyingi kwa pamoja na kulifanya gari likatae kuwaka. Gari likiwa limezimwa, betri hiyo ikiwa nzima na yenye chaji kamili husoma takriban volti 12.6.

Cha pili ni vumbi. Tundu la kuvutia hewa ya kupoza betri liko kando au chini ya kiti cha nyuma. Barabara za vumbi, manyoya ya mifugo na magunia yanayopakiwa juu ya kiti huliziba, na joto linalobaki ndani huchakaza seli. Kulisafisha tundu na feni ni kazi ya gharama ndogo.

Cha tatu ni kutu kwenye vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Kutu huzuia umeme na kuipa kompyuta vipimo visivyo sahihi, hata kama seli zenyewe ni nzima.

Kipimo cha mlimani

Baada ya hapo, mashine ya uchunguzi huunganishwa na kompyuta ya gari. Katika magari ya Toyota, msimbo P0A80 humaanisha kwamba kompyuta imeona betri imechakaa. Msimbo P0A93 huhusu upozaji wa kifaa kinachogeuza umeme, na hauhusu betri. Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa msimbo uliosomwa.

Msimbo nao hautoshi. Katika Prius hizo, kompyuta hupima moduli mbili mbili, na hivyo kuna jozi 14. Gari likiwa limesimama, jozi zote huweza kuonekana sawa. Udhaifu hujitokeza betri inapofanyishwa kazi.

Hapa ndipo milima ya Subukia inapofaa. Dereva huendesha huku fundi akisoma vipimo. Katika kupanda, jozi dhaifu hushuka volti haraka kuliko nyenzake. Katika kuteremka, gari linapojichaji, jozi hiyo hiyo hupanda haraka kuliko nyingine kwa sababu haina tena nafasi ya kuhifadhi umeme.

Jozi moja ikipungukiwa na zaidi ya volti moja kila mara, kuna uwezekano mkubwa kwamba seli yake imekufa. Jozi nyingi zikitawanyika, betri nzima imezeeka.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua matengenezo. Moduli moja mbovu katika betri yenye nguvu inaweza kubadilishwa kwa nyingine yenye uwezo unaolingana. Katika betri iliyozeeka, kubadilisha moja ni nafuu ya muda tu, kwani nyingine za umri ule ule zitafuata.

Tahadhari

Umeme wa betri hii unaweza kuua. Nyaya zake zina rangi ya machungwa ili zisiguswe kiholela. Anayeifungua sharti awe na mafunzo, avae glavu maalumu za umeme, azime gari, atenganishe betri ndogo, achomoe plagi ya kukata umeme, kisha angoje angalau dakika 10 ili umeme uliosalia uishe.

Magari mengine, kama Honda Fit ya mseto iliyotoka mwaka wa 2013 na Nissan Note e-Power ya mwaka wa 2016, hutumia betri za lithiamu. Hizi zikijeruhiwa zinaweza kushika moto, na hazifai kufunguliwa na fundi asiye na vifaa vyake.

Anayenunua gari la mseto naye asiridhike na dashibodi isiyo na taa. Misimbo hufutika kwa dakika chache na kurejea baada ya safari kadhaa. Aombe kulipandisha gari mlima mrefu, mashine ikiwa imeunganishwa, kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, ni heri kutafuta gari jingine.